Tangu UVIKO-19 Wengi Hatujarudi Tulivyokuwa: Kilichoumia Ni Nini, na Kinatengenezwaje

Wako watu wengi Unguja na Pemba wanaosema kuwa tangu kipindi cha UVIKO-19 hawajarudi kama walivyokuwa, lakini ukiwauliza wanaumwa nini hawana jibu moja. Mmoja hulalamikia usingizi, mwingine hasira za haraka ambazo zamani hakuwa nazo, mwingine uchovu unaomkalia mabegani tangu alfajiri, na mwingine hana hamu ya kwenda hata kwenye harusi ya jirani. Kwa kuwa malalamiko hayo yalianza wakati mmoja, yote huitwa mawazo, na nasaha inayotolewa huwa moja kwa wote: vumilia, mshukuru Mungu, yatapita. Subira na shukurani zina nafasi yake kubwa, na makala haya hayakusudii kuziondoa. Hata hivyo, naamini kwamba watu wengi wamechelewa kupona kwa sababu wamebebeshwa kwa jina moja mizigo minne isiyofanana, nayo ni mwili uliochoshwa na hofu ya muda mrefu, msiba usiomalizika, riziki iliyokatika, na mabaki ya ugonjwa wenyewe. Kila mmoja una njia yake ya kutuliwa, na njia inayofaa huu haifai ule.

Ni vyema kwanza kukumbuka kipindi chenyewe kilikuwa kirefu kiasi gani. Shirika la Afya Duniani liliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na kabla ya mwezi huo kwisha tayari ulikuwa umethibitishwa Tanzania Bara na Zanzibar. Skuli na madrasa zilifungwa, ndege za watalii zikasita, na hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zikabaki na walinzi. Kisha takwimu zikaacha kutolewa, na kwa takriban mwaka mzima hesabu rasmi ya Tanzania ilibaki palepale, wagonjwa 509 na vifo 21. Mwanzoni mwa mwaka 2021 likaja wimbi jingine. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki tarehe 17 Februari 2021, wiki chache baada ya chama chake kutangaza kuwa ameambukizwa, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka mwezi wa Machi mwaka huo, kamati ya wataalamu iliundwa, takwimu zikarudi, na chanjo ikazinduliwa tarehe 28 Julai. Hali ya dharura ya kimataifa ilitangazwa kumalizika tarehe 5 Mei 2023. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu, na katika sehemu kubwa ya muda huo mtu wa kawaida hakujua hatari imemkaribia kiasi gani, kwa hiyo hakujua pia lini apumue.

Kutojua huko ndiko kunakouchosha mwili. Binadamu anapohisi hatari, ubongo hupeleka ishara kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari humiminwa katika damu, misuli hukaza, na kazi zinazoweza kusubiri, kama vile kusaga chakula, hupunguzwa. Mfumo huu umeumbwa kwa ajili ya hatari inayokuja na kuondoka. Hatari isipoondoka, au mtu asipoambiwa kwamba imeondoka, mfumo hubaki umewashwa kama pampu iliyoachwa ikivuta katika kisima kilichokauka. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani Bruce McEwen na Eliot Stellar walieleza jinsi mzigo huu unavyojilimbikiza mwilini polepole, hata presha ya damu ikapanda, sukari ikavurugika, kumbukumbu ikadhoofika na usingizi ukakatika. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba moyoni hana hofu tena, na akawa anasema kweli, huku mwili wake bado uko macho saa tisa za usiku.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa kwanza wa janga matatizo ya wasiwasi na ya sonona, yaani huzuni nzito inayomwondolea mtu uwezo wa kuishi maisha yake ya kawaida, yaliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu hudhani kuwa kuyumba kwao ni udhaifu wa imani au wa tabia, ilhali ni jambo lililowapata watu wa kila dini na kila nchi kwa sababu zinazoeleweka.

Mwili uliochoka kwa namna hii haushawishiki kwa maneno. Unachokifahamu ni utaratibu unaorudiwa, na pa kuanzia ni usingizi. Saa ya ndani ya mwili hurekebishwa zaidi na mwanga wa asubuhi kuliko na saa ya kulala, kwa hivyo anayetaka kulala vizuri aanze kwa kuamka wakati ule ule kila siku na kukaa nje kwenye mwanga. Kwa jamii inayoamka kwa sala ya alfajiri, nusu ya kazi imeshafanyika. Kinachoiharibu ni kurudi kitandani na simu mkononi mpaka saa tatu. Usingizi mfupi wa mchana, ule wa nusu saa baada ya adhuhuri, hauna ubaya, bali ukivuka hapo huuiba usingizi wa usiku. Kahawa nayo inahitaji kuangaliwa. Kwa mtu mzima wa kawaida, karibu nusu ya kafeini hubaki katika damu saa tano baada ya kunywa, kwa hiyo vikombe vya kahawa chungu vinavyonywewa barazani baada ya isha vinakuwa bado vinafanya kazi karibu na saa saba za usiku. Mwenye usingizi mzima huenda asione tofauti, lakini aliyeyumba hunufaika akiihamishia kahawa yake alasiri au, bora zaidi, asubuhi.

Kutembea kwa miguu kwa nusu saa kwa siku nyingi za wiki hushusha wasiwasi kwa kiasi kinachopimika. Kupumua polepole, kwa kuifanya pumzi inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia, huamsha neva inayoutuliza moyo, na anayesoma uradi wake kwa pumzi ndefu bila kukimbilia kuumaliza hupata faida hiyo pamoja na ile aliyoikusudia. Jambo gumu zaidi ni hofu iliyogeuka mazoea. Wako watu ambao bado husikia kifua kikibana jirani anapokohoa katika daladala, na wengine waliacha kwenda sokoni Darajani wakati wa msongamano na hawakurudi tena. Kila hofu inapokwepwa, ubongo huhesabu kuwa kukwepa ndiko kulikookoa, na hofu huzidi. Dawa yake ni kuirudia sehemu ile kwa hatua ndogo, na kukaa hapo mpaka moyo utulie wenyewe, badala ya kuondoka ukiwa unadunda.

Mzigo wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio uliopuuzwa kuliko yote, ni msiba. Visiwani hapa kifo hakibebwi na mtu mmoja. Watu hukusanyika, maiti huoshwa na wanaomjua, huswaliwa, huzikwa na umati, matanga hukaliwa, hitima husomwa, na aliyefiwa hupokea mikono ya mamia ya watu wanaomwambia neno lile lile. Taratibu hizi zinafanya kazi ambayo wataalamu wa nchi nyingine huihangaikia kwa miaka, kwani zinauthibitishia moyo kuwa kifo kimetokea, na zinamthibitishia mfiwa kuwa hayuko peke yake. Katika miezi ya hofu, baadhi ya mazishi yalihudhuriwa na watu wachache, watoto walioko Oman au Uingereza hawakupata ndege, na waliokwenda kutoa mkono wa pole walisimama mbali. Wengine walizika bila hata kuambiwa waziwazi ni ugonjwa gani uliomchukua mtu wao, zaidi ya kusikia kwamba alikuwa na tatizo la kupumua. Msiba usiotajwa sababu yake haumpi mfiwa pa kuusimulia.

Mtaalamu wa Marekani Pauline Boss amefanya kazi kwa miongo kadhaa kuhusu huzuni ya waliopoteza mtu bila ya uhakika, na ameeleza kwamba huzuni hiyo hukwama kwa sababu haina alama ya mwisho. Wapemba hawahitaji kufundishwa hili. Meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, na ziko familia ambazo mpaka leo hazina kaburi la kuzuru. Wale waliozika kwa haraka mwaka 2020 na 2021 wana kaburi, ila wengi wao hawakuwa na matanga.

Tuna bahati kwamba njia za kuukamilisha msiba uliokatizwa zimo katika desturi yetu, nazo hazina muda wa kwisha. Hitima inaweza kusomwa miaka mitatu au minne baadaye, na madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Zanzibar, yanakubali sala ya maiti asiyekuwepo. Ndugu waliokuwa ng'ambo wanaporudi likizo, wapelekwe kaburini, kisha wakae na waliomuuguza marehemu na wasimuliwe kisa kizima kwa utulivu: aliugua lini, nani alikuwa naye, alisema nini, alikula nini mara ya mwisho. Kisa hiki kisimuliwe mbele ya watoto pia, kwa lugha ya umri wao, kwa kuwa mtoto asiyeambiwa hujitungia maelezo yake, na mara nyingi maelezo hayo humlaumu yeye mwenyewe.

Lawama ndiyo inayowakaba hata watu wazima. Wapo wanaoamini kuwa wao ndio waliompelekea mama yao ugonjwa, na hawajamwambia mtu. Ukweli wa kitabibu ni kwamba virusi hivi huweza kuambukizwa na mtu ambaye bado hana dalili yoyote, na aliyekwenda kumsalimia mzazi wake akiwa mzima kwa kila anachokijua hakuwa na njia ya kujua zaidi. Kauli hiyo inahitaji kusemwa na mtu ambaye mwenye lawama anamheshimu, awe daktari, sheikh au mkubwa wa ukoo, na huenda ikahitaji kusemwa zaidi ya mara moja.

Tuwaangalie pia wanaume waliofiwa na wake zao. Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi, na kwa ugumu wake wote, eda humpa muda unaotambuliwa na kila mtu wa kutokuwa sawa. Mume aliyefiwa hana muda huo, na baada ya matanga hutarajiwa aonekane kazini. Halafu kuna huzuni za mambo yaliyopotea bila mtu kufa. Katika miaka ya 2020 na 2021 Hija haikufunguliwa kwa mahujaji kutoka nje ya Saudi Arabia, na wazee waliokuwa wamekusanya fedha kwa nusu ya umri wao walisubiri, na wengine hawakufika mwaka 2022. Nia zao ni za Mungu kuzilipa, lakini watoto wao wamebaki na jambo moyoni, na ni haki liitwe huzuni. Madaktari huitambua huzuni ya msiba kuwa ni maradhi yanayohitaji msaada pale ambapo, baada ya miezi sita au zaidi, mfiwa bado ametawaliwa na kumtamani marehemu kila siku kiasi cha kushindwa kufanya kazi au kulea.

Kuhusu riziki, pasiwe na udanganyifu wa kumwambia mwenye njaa avute pumzi. Utalii unachangia zaidi ya robo ya pato la Zanzibar. Mwaka 2019 walikuja wageni zaidi ya 500,000, na mwaka 2020 idadi yao ilianguka hadi karibu nusu. Nyuma ya hesabu hiyo wamo wapishi, madereva, papasi (vijana wanaowatembeza watalii mitaani), wauza kanga wa ufukweni, na wavuvi wa pweza wa Jambiani waliokuwa wakiuza kwa jiko la hoteli. Wageni wamerudi, lakini deni lililokopwa wakati ule halikuondoka waliporudi, na wengine hawakuitwa tena kazini.

Deni hula akili kabla ya kula mfuko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno, na watu wale wale walipata alama ndogo katika majaribio ya kufikiri walipokuwa hawana kitu kuliko walipokwishalipwa. Mkulima wa karafuu wa Pemba anaweza kujipima mwenyewe katika miezi ya kungojea msimu. Akili za watu wale hazikuwa zimepungua, bali zilikuwa zimeshikwa na hesabu za madeni. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitoa hesabu kichwani na kuiweka kwenye daftari, nani anadai, kiasi gani, tangu lini, kisha kumwendea mdai kabla hajaja. Dini inamtaka mdai ampe nafasi mwenye dhiki, lakini mdai hawezi kutoa nafasi kwa mtu anayepita uchochoro mwingine ili wasionane. Kukopa hapa ili kulipa pale kukomeshwe, hata kwa kukubali kulipa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyo katika shehia nyingi vina faida ya pili isiyohesabiwa katika daftari zao, kwani humlazimisha mtu aliyejifungia ndani kutoka na kuonana na wenzake kila wiki.

Mzigo wa nne ni wa kitabibu hasa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali inayowapata baadhi ya waliougua UVIKO-19, ambapo kwa kawaida miezi mitatu baada ya ugonjwa kuanza mtu huwa na dalili zilizodumu angalau miezi miwili bila sababu nyingine: uchovu mzito, pumzi fupi, ukungu wa akili, mapigo ya moyo yasiyotulia. Mtu wa namna hii akiambiwa ajikaze na akimbie ufukweni kila asubuhi anaweza kuzidiwa, kwa kuwa kwa baadhi yao juhudi ya leo hulipwa kwa kulala siku mbili. Anachohitaji ni kugawa kazi zake, kupumzika kabla ya kuchoka, na kuongeza kidogo mno kila baada ya muda. Kabla ya hapo apimwe, kwa sababu uchovu unaweza kuwa upungufu wa damu, kisukari au presha, na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kinataka kipimo cha kifua kikuu, bila ya kujali kilianza baada ya nini.

Mizigo hii yote huwa myepesi kidogo inapozungumzwa, lakini mazungumzo nayo yana namna yake. Barazani tunazungumza siasa, mpira na bei ya samaki, na mtu anaweza kukaa hapo miaka bila kuulizwa analalaje. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafunza bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye dhiki, wakiwa wamekaa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo umeshafika Zanzibar pia. Siri yake ni utaratibu. Bibi husikiliza, humsaidia mtu kuyataja matatizo yake yote, humwambia achague moja tu, wakatafuta pamoja hatua moja inayowezekana wiki hiyo, kisha mtu hurudi kueleza ilikwendaje. Shangazi au somo, yaani mama anayewafunda mabinti, anaweza kuifanya kazi hiyo hiyo nyumbani, mradi ajizuie kutoa hukumu mapema. "Mwanangu, katika yote haya, lipi likitoka leo utalala?" ni swali linalofungua zaidi ya mawaidha ya saa nzima. Na aliyepoteza hamu ya watu asisubiri hamu irudi ndipo atoke. Mara nyingi mtu huenda kwenye shughuli bila hamu, akakaa nusu saa, na hamu ikamkuta hukohuko.

Wengi huanza kwa kusomewa, na sioni sababu ya kuwazuia, kwani kisomo humtuliza mwenye kukiamini. Kosa ni kukifanya kuwa badala ya matibabu. Huzuni au kukosa raha na jambo lolote kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, pamoja na kuvurugika kwa usingizi, chakula na umakini, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo hutibiwa. Unguja ina hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, na aliyeko Chake Chake, Wete au Mkoani anaweza kuanza kwa daktari wa hospitali iliyo karibu naye. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, kwa hiyo anayeziacha siku ya kumi kwa kuona hazifai hakuzipa muda, na anayeziacha ghafla baada ya kupata nafuu hujitia katika hatari ya kurudiwa, hivyo kuziacha kupangwe na daktari.

Familia ina kazi moja isiyoweza kuachiwa hospitali. Mtu akianza kusema kuwa wenzake wangekuwa salama bila yeye, akagawa vitu vyake, au akawa anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi hushukuru kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za shambani na nyingine zozote za hatari ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, na hata ikiwa mwenyewe anasema kuwa yameshapita.